MTUNZA VITABU NAYE NI MFANYA KAZI



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watu wa reli, wa bandari, wa mashamba ya chai na wa viwanda. Ni nadra kusoma habari za mkutubi, yaani yule mtunza vitabu wa maktaba. Wengine watasema, "Huyo hukaa kivulini, mikono yake haina mafuta ya mashine, ana shida gani?" Mimi nataka kuonyesha kwamba shida yake ni yetu pia, na kwamba siri zetu nyingi zimo mkononi mwake. Neno langu ni moja tu: haifai kumtaka mtu atunze maadili ya kazi yake huku umemwajiri kwa masharti ya kibarua. Maadili na masharti ya kazi ni kama vyuma viwili vya njia ya reli. Ukitengeneza kimoja na kingine ukakiacha kimelegea, gari litaanguka.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Watu wengi hudhani mkutubi hupiga muhuri wa tarehe tu, kisha hukaa. Sivyo. Kitabu kikifika huandikwa katika daftari, hupewa namba, hupigwa muhuri wa maktaba, na kupangwa rafuni mahali pake. Zile namba mnazoziona mgongoni mwa kitabu ni za mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, alioutoa mwaka 1876, nao hutumika hata katika maktaba zetu za Kenya. Kitabu kikiwekwa katika rafu isiyo yake kimepotea, kama behewa lililosukumwa njia ya pembeni bila kuandikwa. Tena mkutubi huyo hushona vitabu vilivyochanika, hufuta vumbi, hubeba masanduku, huwaongoza watoto wa shule, na jioni hubaki nyuma kufunga milango. Huko Garissa, mwaka 1996, watu wa maktaba ya taifa walianza kupakia vitabu juu ya ngamia ili viwafikie watoto wa wafugaji. Hiyo si kazi ya kivulini.

Na kila kazi ina maadili yake. Ya mkutubi ni haya: awahudumie wasomaji wote sawasawa, mwenye mali na maskini, wa kabila hili na wa kabila lile. Asifiche kitabu kwa sababu yeye mwenyewe hakipendi, au kwa sababu mkubwa fulani hakipendi. Asipokee kitu mkononi ili mtu apate kitabu kabla ya zamu yake. Atunze mali ya wote. Na zaidi ya hayo, atunze siri ya msomaji: kitabu ulichoazima ni habari yako wewe na daftari la maktaba, si habari ya jirani wala ya tajiri wako.

Sisi wa Kenya tusiyaone hayo kuwa maneno matupu. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kufagia ngazi zake na kupangusa nguzo zake, lakini hakuweza kukaa humo akasoma. Waliokuwa wakitoa vitabu ndani walitii amri ya waliowaandika kazi. Basi tunaposema leo kwamba mkutubi awahudumie watu wote, twasema jambo ambalo baba zetu walinyimwa.

Maadili hayo yameandikwa. Chama cha maktaba cha Marekani kilipitisha kanuni zake mwaka 1939. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, liitwalo IFLA, lilikubali kanuni zake mwezi wa Agosti mwaka 2012. Nawaomba mwangalie jambo moja katika kanuni hizo za 2012. Hazikuishia kumwambia mkutubi atunze siri na asipendelee. Zasema pia kwamba wakutubi wapinge ubaguzi katika kuajiriwa, wa rangi, wa dini, wa umri, wa siasa na kadhalika, na kwamba wanaume na wanawake wenye kazi za namna moja wapate malipo na marupurupu sawa. Maana yake ni kwamba hata hao wataalamu wenyewe wameona mambo haya mawili hayatengani. Lakini huku kwetu mara nyingi nusu ya kwanza hubandikwa ukutani, na nusu ya pili hufungiwa kabatini.

Nitatoa mfano. Mwaka juzi nilikuwa katika maktaba moja ya mji ambao sitautaja. Alikuja mkubwa wa kampuni moja ya hapo mjini. Alikuwa amesikia kwamba baadhi ya watu wake huazima vitabu vya sheria ya kazi, akataka kuona daftari ajue ni nani hao. Dada aliyekuwa mezani alisita kidogo, akatazama mlango wa ofisi ya mkubwa wake, kisha akalifungua daftari. Yule bwana akatoa kalamu akaandika majina.

Alipoondoka nilimwuliza yule dada, "Je, dada, ni halali jambo hilo?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Kaka, najua si halali. Nimesomea kazi hii miaka miwili, na somo la siri tulifundishwa. Lakini barua yangu ya kazi ni ya miezi mitatu mitatu. Imefanywa upya mara tisa. Bwana yule hula chakula cha mchana na mkubwa wetu. Ningemkatalia, mara ya kumi isingekuwapo, na nina watoto wawili."

Kulikuwa na fundi mmoja wa kampuni ile aliyezoea kuja jioni kusoma. Wiki zilizofuata sikumwona tena.

Ndugu, yule dada alikosa. Sitaki kumfichia. Majina yale hayakuwa yake kuyatoa, na huenda mtu aliumia kwa ajili yake. Lakini tuulize pia swali la pili: ni nani aliyemweka mahali ambapo uaminifu ungemgharimu chakula cha watoto wake? Ni yule aliyempa barua ya miezi mitatu mara tisa, kwa kazi ambayo haina mwisho. Kwa maana vitabu haviishi kupangwa, wala wasomaji hawaishi kuja.

Sisi wa reli twalifahamu jambo hili vizuri. Dereva wa treni haondoki stesheni mpaka apewe kibali cha njia. Hata akija mkubwa gani, amevaa suti gani, ana haraka gani, stesheni masta hatoi kibali mpaka ajue njia ya mbele ni wazi. Anawezaje kumkatalia mkubwa? Kwanza, kanuni imeandikwa kitabuni. Pili, anajua kwamba akiifuata kanuni hiyo hawezi kufukuzwa kesho asubuhi bila kuulizwa. Ukiondoa hilo la pili, kitabu cha kanuni ni karatasi tu. Mweke pale kibarua wa siku moja moja, umwambie kazi yake ya kesho hutegemea furaha ya mkubwa, halafu uone kama utapenda kupanda treni hiyo. Maktaba nayo ina ajali zake, ijapokuwa hazina damu wala mabehewa yaliyopinduka. Mtu hufutwa kazi kwa sababu ya kitabu alichosoma, naye hajui habari zake zilitoka wapi.

Tena yako mambo yaliyotokea mbali yanayotufundisha. Katika mji wa Bartlesville, jimbo la Oklahoma huko Marekani, palikuwa na mkutubi mwanamke jina lake Ruth Brown. Alianza kazi katika maktaba ya mji huo mwaka 1919. Siku zile watu weusi na weupe walitengwa, lakini yeye alifungua mlango wa maktaba kwa wasomaji weusi, akashirikiana na waliotaka ubaguzi uishe, hata akaingia na walimu wawili weusi katika duka moja akaomba wahudumiwe pamoja. Wakubwa wa mji wakakasirika. Lakini hawakusema, "Twamfukuza kwa sababu ya watu weusi." Walisema maktaba yake ina magazeti ya kikomunisti. Mwezi wa Julai mwaka 1950 wakamfukuza, baada ya miaka thelathini ya kazi. Walikuwako watu waliomtetea hata mahakamani, lakini hakurudishwa. Akaenda jimbo la Mississippi kufundisha katika shule ya watoto weusi.

Angalieni basi. Mama huyu aliyashika maadili yote ya kazi yake: alimhudumia kila mtu, wala hakuficha gazeti. Lililokosekana ni masharti ya kazi yenye nguvu ya kutosha kumzuia mkubwa mwenye hasira. Watu wa namna ya Ruth Brown wako wachache. Mwenye haki hakosekani kabisa duniani, lakini huwezi kuendesha maktaba za nchi nzima kwa kutumaini kwamba kila meza ina shujaa. Sheria nzuri ni ile inayomwezesha mtu wa kawaida kutenda haki bila kuwa shujaa.

Sasa nije kwenye ujira. Kazi hii ya maktaba ina historia mbaya ya malipo, hasa kwa wanawake. Mwaka 1877 wakutubi wa nchi mbali mbali walikutana London. Justin Winsor, aliyekuwa rais wa chama cha maktaba cha Marekani, aliwasifu wanawake wa maktaba za kwao mbele ya mkutano, na moja ya sifa alizowapa ni kwamba wanaiweza kazi hiyo kwa fedha kidogo kuliko wanaume. Hakuona aibu kulisema. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, yule Dewey wa namba alifungua shule ya wakutubi katika New York, na wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake. Lakini kuwafungulia wanawake mlango hakukumfanya mwema kwao: mwaka 2019 chama kile kile cha Marekani kiliondoa jina lake katika nishani yake kubwa, kwa sababu ya ubaguzi wake na kwa vile alivyowasumbua wanawake waliofanya kazi karibu naye. Ilichukua zaidi ya miaka mia.

Tusicheke ya wenzetu. Hapa kwetu Tume ya Holmes, mwaka 1948, ilikubali kwamba katika kazi za serikali mtu asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Mpaka ilipokuja Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo kanuni hiyo ilipopendekezwa kuondolewa. Wazee wetu waliita jambo hilo dhuluma, nao walisema kweli. Basi kama ilikuwa dhuluma kupima mshahara kwa rangi ya ngozi, ni dhuluma pia kuupima kwa jinsia, au kwa rangi ya karatasi ya mapatano. Maktabani utakuta watu wawili kwenye meza moja, wenye masomo sawa na zamu sawa, mmoja ana kazi ya kudumu na likizo na bima, mwingine ana barua ya miezi mitatu. Na upande wao amekaa kijana mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, halipwi hata nauli, lakini anapokosekana siku moja maktaba haifunguliwi. Kijana kama huyo amekuwa kibarua wa bure.

Je, sheria ya nchi yasemaje? Haikukaa kimya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki katika kazi, na kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na ya kuingia chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 41 chataka mtu aambiwe kosa lake na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazi au mtu wa chama karibu naye, kabla ya kuachishwa kazi kwa ajili ya kosa. Na habari za msomaji nazo zina ulinzi: Katiba, kifungu cha 31, yalinda siri za mtu, na iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kwa hiyo bwana yule aliyeandika majina hakuwa na haki hata chembe.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Hutembezwa na watu walioungana, na wakutubi wametawanyika sana. Katiba hiyo hiyo iliweka maktaba katika kazi za serikali za kaunti. Basi wako wa maktaba ya taifa na wako wa kaunti. Wako wa vyuo vikuu. Wako wa shule za sekondari, ambao huandikwa na halmashauri ya shule, si na tume ya walimu, nao mara nyingi ni mmoja tu shule nzima. Mtu mmoja peke yake hawezi kugoma, hawezi hata kulalamika. Atamlalamikia nani, rafu?

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema, "Kazi ya vitabu ni wito. Anayeipenda hatahesabu shilingi." Maneno hayo waliambiwa walimu, wakaambiwa wauguzi, nao wote walikuja kuona kwamba mwenye nyumba hapokei wito mwisho wa mwezi. Tena anayesema hivyo mara nyingi mshahara wake mwenyewe hajaufanya kuwa wito. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wa pili atasema, "Kaunti hazina fedha." Huyu tumsikilize, kwa maana huenda ni kweli kwamba hazina za kutosha. Lakini katika haya ninayoyadai, mengi hayagharimu fedha. Kumpa mtu barua ya kazi iliyo wazi ni karatasi moja. Kumsikiliza kabla ya kumfukuza ni nusu saa. Kutoa amri kwamba daftari la wasomaji lisifunguliwe kwa mtu yeyote bila amri ya mahakama ni sahihi moja tu.

Na wakutubi wenyewe nawaambia neno. Mkitaka tuwatetee, msituaibishe. Msifiche vitabu vya mitihani chini ya meza kwa ajili ya watoto wa rafiki zenu. Msimdharau mzee wa viatu vya vumbi anayeuliza kitabu cha kilimo. Msimcheke mtu mzima anayesoma polepole huku akifuata mstari kwa kidole. Wengi wetu tulisoma shule za misheni mpaka darasa la mwisho la chini tu, na mengine tumeyaokota katika rafu zenu. Kudai haki ya kazi bila kuifanya kazi yenyewe ni kuwapa wakubwa fimbo ya kutupigia.

Basi, naleta maombi manne mbele ya wanachama:

(a) Tawi letu liwaalike wakutubi wa mji huu katika mkutano, wajue ni chama gani chawafaa kulingana na mwajiri wao, na tuwasaidie kujiandikisha.

(b) Tudai, pamoja nao, kwamba aliyefanya kazi ya kudumu aandikwe kazi ya kudumu, na kwamba wenye kazi sawa walipwe sawa, mwanamke na mwanamume.

(c) Tudai kwamba katika mapatano yao ya kazi yaandikwe haya: mkutubi anayekataa kutoa siri ya msomaji, au kuondoa kitabu bila amri halali, haadhibiwi kwa kukataa kwake. Hapo maadili yatakuwa na meno.

(d) Kila mwanachama anayetumia maktaba atunze vitabu. Kuchana ukurasa ni kumwongezea kazi mfanya kazi mwenzako na kumnyima mtoto wa mwenzako somo.

Mnaweza kuniuliza, kwa nini mtu wa reli ajishughulishe na haya. Jibu langu ni kwamba mwezi wa Januari mwaka 1947, Mombasa ilipogoma, watu wa reli na watu wa bandari walisimama pamoja, na karani na hamali walikuwa katika safu moja. Hakuna aliyeuliza nani ana mafuta mikononi na nani ana wino. Leo mwenye wino anafanya kazi kwa barua ya miezi mitatu, na jina lako limo katika daftari lake. Ukimwacha peke yake, siku bwana mwenye kalamu atakapokuja usishangae daftari likifunguliwa.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu katika kazi,
MTU WA RELI